Waya wa Kijani na Njano

Saa nne asubuhi ya Alhamisi, fundi wa sauti aliingia ukumbini, akazima swichi kuu, akachomoa plagi zote, kisha akamwamkia kaka yake aliyekuwa amekaa juu ya amplifaya.

Marehemu aliitikia kwa kunguruma. Alikuwa akinguruma hivyo, mdomo umefumbwa, tangu wiki iliyofuata mazishi yake, na spika zikiwashwa zilinguruma naye. Wafagiaji walishamzoea, walimwomba tu ainue miguu.

Jumamosi kulikuwa na tamasha, na mwimbaji alikuwa binti wa marehemu. Meneja alisimama mlangoni na simu sikioni.

"Kata huo waya wa ardhi, dada, kelele iishe. Kazi ya dakika mbili."

"Hata kaka ulimwambia dakika mbili."

"Kazi ya Mungu haina makosa," meneja alisema, kama alivyosema makaburini.

Ni kweli, mwaka jana waya ulipokatwa kelele iliisha. Siku ya tisa waya mmoja ulilegea ndani ya amplifaya ukagusa bati la nje. Umeme ukakosa njia ya kwenda ardhini, ukangoja mpaka marehemu aliposhika maiki. Kwenye cheti cha kifo waliandika moyo. Amplifaya ikatengenezwa kimya kimya, na mngurumo ukarudi, na mwenyewe akarudi nao.

Fundi alifungua plagi. Waya wa kijani na njano, ule wa ardhi, ulikuwa umeungwa kwa utepe haraka haraka baada ya kifo, kabla wakaguzi wa umeme hawajafika. Kaka yake, aliyemfundisha kazi, asingeunga hivyo hata akiwa na homa. Mzoea kunyonga, kuchinja hawezi. Aliuondoa utepe, akaukaza waya mahali pake.

Kumtazama mwanamke huyu kazini ni raha tupu. Alipima kila soketi kuhakikisha ardhi inashika. Akarudisha nyaya moja moja, akisikiliza, mpaka ule unaounganisha miksa na amplifaya ulipoleta mngurumo. Miksa ilikula umeme wa mlangoni, amplifaya wa nyuma ya jukwaa. Njia mbili za ardhi, na kelele ikizunguka katikati. Alipiga hesabu ya mzigo wa umeme, akazileta zote mbili kwenye soketi moja. Kompyuta ya muziki, iliyobaki kwenye soketi ya ukutani, aliiwekea kitransfoma kwenye waya wa sauti, kipitishe sauti bila kuunganisha ardhi. Ilimchukua saa tano, na hakukata kitu.

"Shangazi, nishike?" binti aliuliza, akiitazama maiki.

"Shika, mwanangu. Nimeshapima mara tatu, na nimeshika mimi kwanza."

Jumamosi spika zilikuwa kimya kabisa. Marehemu, akiwa hana tena wa kunguruma naye, alifumbua mdomo. Baada ya wimbo wa pili sauti yake ilitoka pande zote mbili za jukwaa: "Meneja aliniambia nikate waya. Nilimwambia ni hatari. Akasema dakika mbili."

Kila neno lilifika viti vya nyuma. Watu walisikiliza mpaka mwisho, wakapiga makofi. Binti alilia kidogo, akashika maiki kwa mikono miwili, akaimba wimbo wa tatu.

"Umesikia?" meneja alimwambia jirani yake. "Hakuna hata chembe ya kelele."

Cheti hakikubadilishwa. Jumatatu meneja alipiga simu. Ukumbi mdogo nao ulikuwa unanguruma.

"Safari hii hatuna muda, dada. Kata tu."

Fundi alitafuta kisanduku chake cha vifaa asikione. Kaka yake alikuwa ameshatangulia nacho.