Ng'ombe wa Nthiwa Warudi Malili

Jumatatu saa mbili asubuhi Katunge alimpa mama yake uji wa wimbi kwenye kikombe cha bati, akaketi kando yake mbele ya nyumba yao ya Kwa Vonza, akafungua simu kusoma maswali ya wapenda historia. Kundi lao la Facebook liliitwa Historia ya Ukambani, Maswali na Majibu, na lilikuwa na watu elfu nne na ushee. Siku hiyo kulikuwa na kijana aliyetafuta kitabu cha kueleza jinsi reli ilivyofika Makindu. Mwingine alikuwa ameokota sarafu yenye tundu katikati akitaka kujua ni ya mwaka gani. Watu walimjibu kwa upole, wakapendekezeana vitabu, wakabishana kidogo, wakashukuriana.

Juu kabisa, mahali ambapo msimamizi hubandika jambo asilotaka lipotee, kulikuwa na aya moja ya kitabu ambacho msimamizi mwenyewe, Mwalimu Mwau wa Malili, angekizindua baada ya wiki sita. Aya ilisema hivi: "Nthiwa, mlevi mashuhuri wa Malili, aliuza ng'ombe wake wote thelathini na saba kwa ajili ya pombe. Chifu Ndululu aliwanunua kwa kumwonea huruma."

Chifu Ndululu alikuwa babu yake Mwau. Nthiwa alikuwa baba yake Wavinya, na Wavinya ndiye huyo mama aliyekuwa akinywa uji, mwenye umri wa miaka tisini na miwili na macho yaliyobaki kuona mwanga tu. Nthiwa alikuwa mtu wa misheni. Akiona kibuyu cha pombe mbele ya nyumba ya mtu, alikuwa anazunguka apite nyuma. Mwaka ule serikali ya mkoloni iliposema ng'ombe wa Wakamba wamezidi, wapunguzwe, Chifu Ndululu hakupunguza, alizoa. Wa serikali akawapeleka kwa serikali, wa Nthiwa akawaingiza kwenye boma lake mwenyewe. Nthiwa aliwafuata hadi langoni, akapigwa pale langoni, akachukua watoto wake akavuka nao mto Athi kwa miguu hadi Kwa Vonza, na mvua iliyofuata haikumkuta hai. Wavinya alikuwa na miaka sita, na aliyaona yote.

Katunge alipomsomea aya hiyo, Wavinya aliweka kikombe chini.

"Ng'ombe wakae nao," alisema. "Hiyo neno ya pombe ndiyo nataka waondoe. Sitaki kwenda kukutana na baba nikiwa nimeacha hiyo neno huku."

Basi Katunge aliandika kwenye kundi, kwa adabu zote, akaeleza alichosimuliwa na mama yake. Mwalimu Mwau alijibu baada ya dakika nne. Alimshukuru Katunge, akimwita Mama Mutie kwa jina la mwanawe, kwa mchango wake. Alisema kundi hili linakwenda kwa vyanzo vilivyoandikwa, na kwamba masimulizi ya mzazi, kwa heshima zote, ni hisia. Watu sabini na wanane waliweka alama ya kuafiki.

Katunge alikuwa mwalimu wa shule ya Jumapili na kwa miaka ishirini alikuwa amewafundisha watoto kugeuza shavu la pili. Hasira iliyompanda ilimshangaza yeye mwenyewe, maana haikuwa ya siku moja. Ilikuwa ya babu na ya mama, imewekwa tu ikisubiri mtu mwenye bando. Waswahili walisema zamani kwamba hasira ya mkizi ni furaha ya mvuvi, lakini huko Kwa Vonza nani anamjua mkizi?

Wavinya alikuwa na desturi ya kuwataja ng'ombe wa baba yake kila asubuhi baada ya uji, mmoja mmoja, kama mtu anayehakikisha hakuna aliyepotea malishoni. Majina yenyewe yanakaa vizuri zaidi kwa Kikamba, ila hapa tuyaseme kwa namna ya kueleweka. Jumanne Katunge alilichukua la kwanza akaliandika kwenye kundi bila maelezo yoyote: "Kiraka. Jike. Mweusi, doa jeupe begani. Wa Nthiwa."

Jumatano asubuhi Kiraka alikuwa amesimama sebuleni kwa Mwalimu Mwau, kati ya televisheni na kochi la watu watatu.

Mwau alikuwa mtafiti kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Alipiga picha paja la kulia la ng'ombe yule, akaiweka kwenye kundi na swali: "Wanahistoria, alama hii ya moto ni ya nani?" Ilikuwa mistari miwili iliyokatwa na mmoja uliopinda. Muli wa Makindu, fundi saa aliyekuwa amekusanya michoro ya alama za koo nyingi, alijibu kwamba ni ya akina Nthiwa, na kwamba waliichora pia kwenye mizinga ya nyuki na kwenye mishale. Mtu mmoja alipendekeza kitabu kuhusu alama za mifugo. Mwingine akauliza kama ng'ombe ana maziwa.

Saa tatu Mwau alipiga simu.

"Mama Mutie, habari ya asubuhi?"

"Nzuri, Mwalimu. Mumeamkaje huko?"

"Tumeamka na ng'ombe yenu. Imemaliza tanki yote ya maji na bado inaangalia mfereji."

"Pole sana. Imekaa miaka themanini na sita bila kunyweshwa."

"Sasa utakuja kuitoa?"

"Toa hiyo neno ya pombe, Mwalimu, na mimi nitanyamaza."

"Mambo ya kitabu ni ya vyanzo, mama. Tusichanganye," alisema Mwau, wakaagana vizuri.

Kuanzia hapo Katunge aliandika jina moja karibu kila siku, na wala hakufuata mpangilio wa mama yake. Alimwuliza Wavinya ni yupi aliyekuwa na tabia mbaya, naye Wavinya akamweleza kwa furaha kubwa, maana aliwakumbuka kwa vituko vyao kuliko kwa rangi zao. Alianza na Mvunja-Ua, ambaye aliingia akiwa na lango la Mwau shingoni. Akafuata yule aliyekuwa akipiga teke kila mtu anayevaa viatu. Akafuata mmoja aliyelia kila mtu alipoanza kuzungumza, akanyamaza mtu alipomaliza. Kila asubuhi Mwau aliripoti aliyefika, kwa picha na vipimo, na kila asubuhi Katunge alimsomea mama yake ripoti. Ilikuwa tamu. Katunge hakuwahi kujua kwamba kumtesa mtu kunaweza kukupa usingizi mzuri kiasi kile.

Ng'ombe hawakusimama ovyo. Nyumba ya Mwau ilikuwa imejengwa juu ya boma la zamani la chifu, nao walisimama kufuata boma lile: wenye ndama jikoni, mitamba kwenye chumba cha wageni, wakorofi kwenye ukumbi mwembamba wa kuendea bafuni. Mwau aliona mpangilio huo, akachora ramani ya boma la babu yake kwa kuwafuata walivyosimama, akaiweka kwenye kundi. Ilisifiwa na watu mia mbili na kumi na wawili. Mkewe alihamia kwa dada yake.

Wiki ya nne ilikuwa zamu ya Mla-Nguo. Wavinya alikuwa amemweka akiba.

"Huyo alikula shuka ya baba yote, na ya jirani," alisema. "Mpeleke huyo."

Mla-Nguo alikula mapazia, kalenda ya kanisa na joho la mahafali la binti yake Mwau. Kisha akalivuta sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda, akalifungua kwa pembe, akala karatasi zote za Chifu Ndululu zilizokuwa ndani, pamoja na daftari lake la miaka ile, jalada na uzi. Mwau aliutangazia umma msiba huo kwa aya tatu. Wanakundi walimpa pole, wakakumbushana umuhimu wa kupiga picha nyaraka za kale. Katunge alimsomea mama yake aya zote tatu, na wote wawili walicheka hadi uji ukamwagika.

Jina la mwisho aliliandika Ijumaa, siku moja kabla ya uzinduzi wenyewe. Lilikuwa la fahali, Mkubwa Wao.

Uzinduzi ulifanyika kwenye ukumbi wa kanisa moja la Malili. Ng'ombe thelathini na saba walimfuata Mwau kutoka nyumbani kwake, wakaingia nyuma yake. Wahudumu walisogeza viti ili kila mtu apate kuona. Mchungaji aliomba, akawashukuru wageni waliotoka mbali na waliotoka zamani. Wavinya aliketi mstari wa mbele na fimbo yake. Mkubwa Wao alimjia, akamnusa viganja, akamlamba mkono wote hadi kwenye kiwiko, na yule mama wa miaka tisini na miwili akalia kwa sauti ya mtoto. Watu walisubiri amalize.

Mwau alisoma sura ya saba. Alipofika kwenye pombe, hakuruka hata herufi.

Katunge akasimama.

"Mwalimu, uliniambia nilete chanzo. Hiki hapa. Kimesimama, kina alama ya babu yangu kwenye paja. Nataka useme mbele ya hawa watu kwamba Nthiwa hakuwa mlevi na hakuuza."

Mwau alimtazama mgeni wa heshima, Daktari Nderitu, aliyekuwa akifundisha historia chuoni na aliyeandika dibaji. Nderitu alikuwa mtu wa haki, na alijibu polepole kwa sababu hiyo.

"Mama, alama inatuambia ng'ombe walikuwa wa Nthiwa. Hiyo hata kitabu inakubali. Haituambii walitoka kwake namna gani. Hata angeuza, wangekuwa na alama yake." Alivua miwani, akaifuta. "Kitu kingetuambia ni daftari ya chifu. Mimi niliiona mwaka juzi, Mwalimu alinionyesha. Kulikuwa na ukurasa wa Nthiwa. Chifu mwenyewe aliandika kwa mkono wake: nimewachukua kwa nguvu, mwenyewe amekataa kuuza."

Yule ng'ombe mliaji akanyamaza.

"Basi andika hivyo," Katunge alisema.

"Ningeandika, mama. Lakini sikupiga picha. Siwezi kunukuu kitu ambacho sina mbele yangu." Akamgeukia Mwau. "Hiyo daftari iko wapi, Mwalimu?"

"Ililiwa," Mwau alisema, akaonyesha kwa kidevu. "Na hiyo hapo, ya Mama Mutie."

Mla-Nguo alikuwa karibu na mimbari, anatafuna kitambaa cha meza. Watu wote walisikia kilichosemwa siku hiyo, na wote walikubaliana, wakinywa chai baadaye, kwamba Nthiwa alinyang'anywa na ni jambo la kusikitisha sana. Walipanga foleni wakasainiwa nakala zao. Katunge aliketi, akatazama mikono yake iliyoliandika jina la yule ng'ombe. Alitamani kuikata.

Mkutano ulipokwisha alichukua fimbo ya mama yake, akajaribu kuwapeleka ng'ombe barabarani, waelekee Kwa Vonza. Walikwenda hatua chache wakageuka. Wavinya aliwaita kwa majina yao ya Kikamba, wote thelathini na saba, na kila mmoja aliposikia jina lake alisimama, akainua kichwa, akamtazama. Kisha wakaendelea kumfuata Mwau. Kwa Nthiwa walikuwa wamelala misimu michache. Kwa chifu walizeeka na kufia huko.

Baada ya miezi mitatu kitabu kilipigwa chapa ya pili. Sentensi ya pombe ilikuwa palepale, ila sasa ilikuwa na tanbihi. Katunge aliisoma kwanza peke yake, kisha mama yake akamwamuru asome kwa sauti:

"Ng'ombe hawa walirejea wenyewe kwenye boma la Chifu Ndululu mwaka 2024, wakakataa kuondolewa hata walipoitwa na binti wa Nthiwa. Ng'ombe hujua kwao, na jambo hilo linathibitisha kuwa waliuzwa kwa hiari. Chanzo: Katunge, mjukuu wa Nthiwa, aliyewataja mmoja mmoja."

Wavinya alishika kikombe chake kwa mikono miwili.

"Wananyweshwa?" aliuliza.

"Wananyweshwa, Mwaitu, mama yangu. Amechimba kisima. Wamenona."

"Na maziwa anakunywa nani?"

"Wajukuu wa Mwau."

Wavinya alirudisha kikombe kikiwa na uji nusu. Asubuhi iliyofuata hakumtaja ng'ombe hata mmoja, wala ile iliyofuata, na wiki ya pili baada ya hapo walimzika. Mwau alituma rambirambi kwenye kundi, zimeandikwa vizuri, akamtaja marehemu kuwa maktaba iliyokuwa ikitembea.

Mwisho wa mwezi kundi lilimtangaza Katunge kuwa Mchangiaji Bora, na nyota ndogo ya manjano ikawekwa kando ya jina lake. Watu mia sita walimpongeza. Kijana wa sarafu aliomba ampendekezee kitabu kizuri kuhusu Malili, na kabla hajajibu, wengine tisa walikuwa wamekwishampendekezea cha Mwau. Katunge aliweka simu chini, akapiga magoti mahali pale pale alipokuwa akimnywesha mama yake uji, akamwomba Mungu amsamehe kwa yale aliyokuwa akimwomba amfanyie Mwau, na baada ya amina akaanza kuyaomba tena, kwa jina la Mwau kamili na jina la kila mtoto wake.