Bibi Apite Katikati

...na kwa nini katikati, nani kasema katikati, Peiju anajiuliza huku kashika ukingo wa daraja kwa mikono miwili, na wasimamizi wenye fulana za njano wanasukuma watu pembeni, "Sogeeni, sogeeni jamani, Bibi apite katikati!", naam, hata mtoto wa chekechea wa mji huu anajua kwamba Mazu, Bibi mungu wa bahari, hapiti pembeni, machela ya sanamu yake hufuata katikati ya barabara kila mwaka, na yeye Peiju kakua akiiona, halafu siku ya kulipima daraja akaenda kuangusha mzigo wa majaribio upande mmoja tu, ule mpya, kisa malori hupita upande huo, malori!... mjinga wee, injinia mzima... boriti mbili, ya zamani na hii iliyoongezwa kupanua njia, zimelala ubavu kwa ubavu, zimeshikanishwa kwa mipira ya kuzuia mtetemo, na mipira hiyo kaichagua yeye, migumu, ya bei mbaya, ukitikisa boriti moja mpira unavutwa, unaizuia, mtetemo unakufa, wote waliona kwenye skrini, Injinia Tsai, mkuu wake, akampiga begani, "Umetutoa kimasomaso, dada," naye akatia sahihi kwa madaha... lakini zikitikiswa zote mbili kutoka katikati, zikapanda pamoja, zikashuka pamoja, mpira utavutwa na nini? hauna kazi, ni sawa na kutokuwepo, na wabebaji wanakwenda hatua moja, wanaiyumbisha machela makusudi maana Bibi hupenda kubembelezwa, na mwendo wa ngoma yao... anaupiga kwa kidole kwenye chuma, du, du, du... mama yangu, ndio huohuo, ndio mwendo wa daraja lenyewe likiachwa litetemeke linavyotaka, kila hatua itaukuza mtetemo, na ncha ya boriti ya zamani imekalia nguzo iliyoliwa na mto, kwa mtetemo mdogo haina neno, kwa mkubwa itateleza, na itateleza na watu juu yake.

Fataki zinalipuka, moshi mwekundu, machela imesimama mguuni pa daraja ikisubiri moshi upungue, na pale mbele, bega la kulia chini ya mti wa machela, ni baba, Mzee Ko, tambuu shavuni, mishipa ya shingo imemtoka, anawapigia wenzake kelele, "Tembeeni bila wasiwasi, daraja hili kalipima binti yangu!" na mmoja anamjibu, "Likianguka je?" na baba, "Likianguka namrudisha shule!" wanaangua kicheko, cheka baba, cheka tu... aseme, amwambie nani, Injinia Tsai yule pale na wakubwa wa mji, udi mkononi, atamkodolea macho, leo? mbele ya watu wote hawa? na njia kaichagua Bibi mwenyewe, vibao vya ramli vimeanguka vikikubali, nani wa kumwambia mungu ageuze... ngoja, ngoja kidogo, wanaopiga magoti! wale wanaotaka baraka hujipanga njiani wakainama, machela ikapitishwa juu yao, na wabebaji hapo hawawezi kwenda kwa ngoma, hunyata, kila mmoja na hatua yake, wasije wakamkanyaga mtu... hatua zikivurugika mtetemo haupati nguvu, na hakuna atakayejua kitu, hakuna, miguu yake imeshakwenda, yuko katikati, magoti chini, kiganja kwenye lami ya moto, na nyuma yake anasikia kandambili, wanawake wanakuja, wanajipanga, mstari unarefuka hadi ng'ambo, imekubali, jamani imekubali.

"We Peiju!" ni Ama Lien, muuza tambi wa sokoni, kapiga magoti nyuma yake anahema, "si wewe uliyekuwa ukituita washamba? Leo unaomba nini, mume?" na Peiju anataka kucheka, huyu mama mzee anaamini yuko mahali salama, kakaa juu ya boriti ileile na magoti yake mabovu, na mstari mzima wa hawa wamemfuata yeye, na jioni Bibi anarudi kwa njia hiihii, itakuwaje jioni, atapiga magoti tena? na mwakani?... "Naomba daraja lisianguke, Ama." "Mbona ulilipima mwenyewe?" "Nililipima vibaya." Fataki za mwisho mwisho zinalia, kisha vidole vya Ama Lien vinamfinya kisigino, kwa nguvu, vinauma. "Sasa unamnong'oneza Bibi ya nini? Kwani yeye ndiye kabeba machela? Si baba yako!"

Na moshi unapungua, mpiga ngoma anainua vijiti, sahihi ile, skrini ile, kazi itakwenda, jina litakwenda, baba atamtazama vipi kesho mezani, hewaa, amtazame, mradi awepo mezani, na Peiju anajikuta kasimama, yeye peke yake kati ya watu walioinama, "Baba! Msikanyage daraja! Nimekosea mimi! Nimelipima vibaya!" na baba, mti bado begani, anatema tambuu, anaweka mkono sikioni, bado anacheka, "Unasemaje?" na Peiju anavuta pumzi aliseme tena, safari hii kwa sauti itakayomfikia na Injinia Tsai.