Bushoni ya Mbele

Sindano ya presio ya mafuta ilipanda, ilisimama kidogo sawa mugeni pa mulango, kisha ilianza kushuka. Moteri ilikuwa inapata moto. Kila dakika sindano ilikuwa inalala zaidi, mpaka ilifika karibu na sufuri, na moteri yenye tulifanyia kazi miezi mbili nzima ilianza kugonga mu tumbo, sawa muntu mwenye balifungia mu nyumba.

— Zima! Papa Lumbu alipiga kelele. Zima, Malachie!

Malachie alizima. Kimya iliingia mu garaji. Muzee Assumani, mwenye gari, alivaa kanzu ya pasi juu ya kuona Landrova ya baba yake inafufuka. Alituangalia batatu, mumoja mumoja, sawa muntu anahesabu mbuzi na anaona moja haiko.

Minyi nilisimama nyuma na kitambaa mu mukono. Sitadanganya muntu: moyo yangu ilicheza. Nilifurahi vile unafurahi kama jirani anaanguka mu matope na viatu bya kanisa. Moteri haikuwa yangu. Ilikuwa ya Malachie.

Niliingia kwa Papa Lumbu na miaka kumi na ine, vile niliacha masomo. Hakuna muntu alinifukuza. Nilichoka tu kukaa. Mu kiti ya masomo matako ilikuwa inaniuma, lakini chini ya kamio, gari kubwa ya mizigo, naweza kulala siku nzima na mafuta inanidondokea mu jicho, sisemi kitu. Miaka nane nililala chini ya bakamio. Kamio za ku Base ya basoda, kamio za samaki ya Kinkondja zenye kunuka mpaka mu damu. Papa Lumbu alinionyesha kila kitu na mukono, hapana na mudomo. Alikuwa anatia ncha ya kijiti ku moteri, ncha ingine mu sikio, na anasema: «Valvu ya tatu.» Tunafungua: valvu ya tatu.

Kisha macho yake ilianza kuingia maziwa. Siku balileta ile Landrova, gari ya mwaka wa sitini na mbili, kuku balitagia mu kiti yake, alizunguka yote na mikono, polepole, sawa anasalimia dada yake. Alisema mbele yetu bawili:

— Hii njo ya mwisho. Kisha naachia muntu ufunguo ya garaji.

Asubui yake alitosha mikrometre, ile chombo ya kupimia unene yenye alikuwa anafunga mu kitambaa sawa Biblia. Nilinyoosha mukono. Aliipatia Malachie.

Malachie alikuwa na sisi miaka mbili tu. Mutoto wa Bametodisti, baba yake mwalimu, yeye mwenyewe na diplome ya mekaniki na kitabu ya Landrova mu Kifaransa yenye alifunika na gazeti juu isichafuke. Hata kukosana na yeye haikuwezekana. Ukimutukana, anacheka. Ukimunyima ufunguo ya kumi na saba, anangojea. Ile yote ningevumilia. Lakini siku moja nilisikia muzee anamuita: «Mwanami, kuya uangalie.» Mwanami. Mu Kiluba ni mutoto yangu. Minyi, miaka nane, niliitwaka Kayembe.

Tangu ile siku nilikata kumuongelesha Malachie. Akiniuliza kitu, nilikuwa namupatia neno moja tu, sawa unatupia imbwa mufupa.

Sasa sikia vile ilifanyika. Mu moteri, mafuta inatembea mu mushipa munene wenye kupita katikati ya chuma, mwanzo mpaka mwisho. Ku mbele ya ule mushipa kuko tundu, na ile tundu inafungwa na bushoni, kichuma kidogo sawa kidole gumba. Unaitosha tu kama unasafisha. Kusafisha, balinipatia minyi. Malachie anapima, minyi nasafisha. Nilitosha bushoni, nilipitisha waya mu mushipa, nilimwanga esanse, ile petroli, takataka ya miaka makumi sita ilitoka nyeusi. Pembeni nilisikia sauti ya muzee inacheka na Malachie juu ya kitu. Sijue kitu gani. Nilitia bushoni mu mufuko juu nisikie muzuri.

Wiki ingine Malachie alikuwa anafunga kifuniko ya mbele. Aliniuliza bila kugeuka:

— Kayembe, bushoni ya mbele?

— Sawa, nilijibu.

Njo neno moja yenye nilimupatia. Sawa. Kwetu sawa ni nimefanya, sawa ni nimesikia, sawa ni niache, sawa ni potelea mbali. Minyi nilitaka kusema ile ya mwisho. Yeye alisikia ile ya kwanza, na alifunga.

Na kwa Papa Lumbu kulikuwa sheria moja tu, hata mugeni alikuwa anaijua: mwenye anafunga njo mwenye anajibu.

Kisha ile aibu ya kwanza, tulianza kutafuta ugonjwa. Mbele ya yote unashitaki kipimo, juu kipimo inaweza kudanganya. Tulifungua ingine ku kamio ya muntu, tuliifunga pale: sindano ililala vilevile. Tulimwanga mafuta, tulitia yenye kuwa muzito zaidi. Asubui ilipanda, vile moteri ilipata moto ililala. Malachie alitosha risori, ile springi yenye kuchunga presio, aliipanguza, alitia karanduzi, kisahani kidogo ya chuma, chini yake juu isukume na nguvu. Bule. Siku ya pili tulilala chini bawili, bega na bega, tulishusha sahani ya mafuta, tuliangalia pompi, meno yake, chujio, joint. Byote bipya, byote muzuri.

— Haiko chini, Malachie alisema. Jasho ilikuwa inamuingia mu macho na hakuipanguza.

— Labda moteri yako inafunga ramadani na muzee Assumani, nilimuambia.

Alicheka. Alicheka kweli! Ningependa anipige.

Siku ya tatu nilibadilisha salopeti. Nilitia mukono mu mufuko ya ile ya zamani kutafuta kiberiti, na vidole yangu ilijua mbele ya kichwa. Kichuma kidogo, baridi, sawa kidole gumba. Nilikaa chini pa matofali. Nilisikia ile «sawa» yangu inarudia mu masikio, na nilielewa moteri yote sawa balifungua dirisha: pompi inasukuma, mafuta inafika mbele, inapata tundu, inaanguka bule mu kifuniko. Hakuna tone inatoka inje. Hakuna muntu anaona.

Ningesema. Ilikuwa kusema tu: Papa, nilisahau. Angenitukana mama na nyanya, kisha tungecheka, kesho yake Landrova ingetembea. Na ufunguo ingeenda kwa mwanami.

Muzee Assumani alifika ile saa ya kahawa. Alituambia baba yake alitokaka Kasongo na ile gari, alipita mu mito bila madaraja, na haikumuzimikia hata siku moja.

— Na ninyi munanizimia mu uwanja! Papa Lumbu, bafundi yako beko bafundi ama bazishi?

Nilifungua mudomo. Njo pale, na bushoni mu mufuko, nilifanya kitu kibaya kupita kusahau.

— Muzee, nilisema, ile gari ni ya Bangereza. Ku sanduku ya kusine, bile bisahani byembamba byenye shafti inazungukia, baliandika 020. Ile ni inchi. Labda muntu mwenye alipima alisoma milimita. Kusine ikikuwa mulegevu, presio inakufa.

Papa Lumbu aligeuza macho yake ya maziwa upande ya Malachie. Hangeweza tena kusoma namba.

— Mwanami?

— Nilipima, Tata. Nilipima mara tatu. 020 ya Bangereza ni nusu milimita, najua, Malachie alisema. Niliona anaanza kuhesabu upya mu kichwa, na niliona mahali hesabu inaanza kumuogopesha. Labda nilikosea, alisema. Kesho natosha moteri yote, napima upya.

Sijawahi kuona muntu anavunjika bila sauti vile. Na hata pale nilimuonea wivu, juu muzee alimushika bega.

Ile siku nilifikiri mpaka kichwa inauma. Akitosha moteri, atafika mbele. Akifika mbele, ataona tundu, atakumbuka neno yangu. Ilibakia njia moja: nifike mbele yake.

Asubui, vile bao balikuwa bangali banatafuta munyororo ya kunyanyulia moteri, nilikuwa nimetosha radiateri, feni na puli. Malachie aliingia, na nyuma yake Papa Lumbu na muzee Assumani.

— Unafanya nini?

— Niko na wazo.

Nilifungua kifuniko. Mafuta ilimwangika ku mikono yangu, na tundu ilituangalia sawa jicho bila mboni. Muzee Assumani alisema «Allahu akbar» pole pole. Niliinama ku kopo ya esanse yenye tulikuwa tunaoshea vis na nati, nilichovya mukono wenye ulikuwa umefunga ngumi, niliutosha umefunguka.

— Iko hii. Ilibakia mu esanse.

Malachie aliangalia bushoni, kisha aliniangalia. Bushoni ilikuwa inametameta, lakini mu mapindo yake kulikuwa nyuzi ya bluu, nyuzi ya mufuko ya salopeti. Aliiona. Najua aliiona, juu aliipokea mu kiganja yangu na alitosha ile nyuzi na ukucha, pole, sawa unatosha muiba mu muguu ya mutoto.

— Nilikuuliza, alisema.

— Uliniuliza nini?

Bote balingojea. Alikuwa na kila kitu mu mukono: baba mwalimu, Metodisti, diplome, ile nyuzi. Muntu yote angemuamini.

— Hapana, alisema. Minyi njo nilifunga kifuniko. Kosa ni yangu.

Alifunga bushoni yeye mwenyewe, alirudisha kila kitu. Magaribi tuliwasha. Sindano ilipanda, ilibakia pale, hata na moto haikutikisika. Muzee Assumani alinishika mukono na mikono mbili, aliniita fundi. Alitoka na Landrova anapiga honi barabara yote, na bantu ya soko balipiga makofi. Malachie alikunja salopeti yake, aliiweka pa meza, aliaga Papa Lumbu mu Kiluba. Sikusikia maneno.

Ufunguo niliipata ile wiki. Papa Lumbu aliniwekea mu mukono na aliuliza kitu kimoja, sauti yake ya kila siku:

— Kayembe. Presio ikipotea, bafundi bote banaanza chini. Minyi naanzaka chini, miaka makumi ine. Weye ulianza mbele. Juu ya nini?

— Wazo tu, Papa.

— Eyo, alisema.

Ile ni miaka tatu sasa. Garaji iko yangu, jina yangu iko ku mulango na rangi nyekundu. Muzee anakuyaka kila siku, anakaa pa tairi ya kamio. Kila moteri yenye nafunga, ananiambia: «Fungua.» Nafungua. Anatia vidole, anapapasa kila tundu, kila bushoni, kisha anasema: «Funga.» Hajanisemea sababu. Sijamuuliza.

Siku ya mungu tu njo hakuyaka. Siku ya mungu moja nilimufuata. Alitembea na fimbo yake mpaka kwa Bametodisti, ku nyumba yenye Malachie aliweka mashini ya kusaga mihogo. Nilisimama inje, nyuma ya ukuta ya lupango. Malachie alikuwa amefungua ile moteri ya mashini yote, aliifunga, aliwasha. Ilinguruma mpaka bati ya nyumba inatetemeka. Hakuna muntu alimuambia fungua. Bibi ya Malachie, Hulda, alileta muzee sahani ya bukari, ugali yetu, aliirudisha.

Papa Lumbu alikuwa mu kiti pembeni ya ile kelele yote, kichwa ku ukuta, mudomo wazi, anakoroma.

Kwangu hajalala hata siku moja.