Kitambaa cha Altare Kwenye Kipindi cha Vichekesho

Mama wenzangu wenye watoto wanaofanya kazi televisheni, fungeni makabati. Naandika huku mbavu zinaniuma kwa kucheka, lakini onyo ni onyo.

Mimi ndiye ninayefua vitambaa vya altare kanisani kwetu, mwaka wa kumi na moja huu. Ijumaa iliyopita mchana nilitaka kupiga pasi kile kikubwa cha Jumapili, chenye misalaba mitano niliyoidarizi kwa mkono wangu. Kapu tupu! Nikampigia simu binti yangu, anayepanga vitu vya jukwaani kwenye kipindi cha vichekesho.

"Nimekiazima tu, mama. Leo kuna igizo la padri mlafi."

"Kuazima gani huko bila kuniuliza? Na huyo padri anakifanyia nini?"

Akapunguza sauti: "Anafutia mdomo. Mchuzi wa kuku."

Sijui hata nilifikaje studio. Nilimkuta nyuma ya pazia, jasho linamtiririka. "Mama, nakuomba. Miezi yangu mitatu ya majaribio inaisha leo. Mkurugenzi ana karatasi ya ajira mfukoni. Ukileta fujo, nimekwisha."

Moyo ukanipasuka vipande viwili. Huyu ni mwanangu, na kazi kaitafuta miaka miwili. Nikasema basi, nimeze mate, nikae kimya. Mara nikaona mezani jezi ya timu ya mpira, imefunikwa nailoni kama keki ya harusi.

"Hii nayo?"

"Hiyo haiguswi. Mwezi jana walifutia kiatu jezi kama hiyo. Mkurugenzi aliomba radhi siku tatu mfululizo, mpaka kwenye taarifa ya habari."

"Na msalaba?"

"Nyie si mnasamehe, mama?"

"Kwa hiyo anayesamehe ndiye anayepakwa mchuzi?"

Huko mbele makofi yakalipuka. Mchekeshaji, yule wanayemwita Mbavu, kaingia na kanzu na paja la kuku, kitambaa changu shingoni kama cha mtoto anayelishwa uji. Akainua ncha kuelekea mdomoni. Miguu yangu haikunisubiri.

"Wewe! Mikono!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Walidhani nami ni wa igizo. Taa zilinichoma macho, kamera ikanigeukia, na Mbavu, aliyelelewa vizuri maskini, akasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Weka kuku chini."

Akaweka.

"Futa mikono. Si hapo! Kwenye suruali yako."

Akafuta. Watu wanalia machozi. Nikamwambia ashike ncha mbili, maana kitambaa cha altare hakikunjwi, kinaviringishwa, na hiyo ni kazi ya watu wawili. Yeye akavuta, mimi nikaviringisha nikimsogelea hatua kwa hatua, hadi pua zetu zikakaribia kugusana.

"Padri mlafi mcheke mpaka uchoke," nikamwambia. "Wetu mwenyewe anakula kama kesho hakuna. Lakini hapa ndipo tunapoweka kile tunachokipigia magoti. Jezi ya timu ungeifutia mdomo?"

"Mama, nina watoto mimi!"

Ukumbi ulipasuka. Hata mimi nilicheka, Mungu anisamehe.

Wakaweka matangazo. Mkurugenzi akaja mbio, simu mbili masikioni. "Mama, wewe ni dhahabu! Ijumaa ijayo tunaleta kikombe cha kanisani, unamfukuza tena!"

Binti yangu akasogea. "Hapana, bosi. Kosa la leo ni langu, nilichukua bila kuuliza, mama nisamehe. Lakini kikombe sitakipanga mezani. Kama jezi haiguswi, na hicho hakiguswi."

"Mbona Wakristo hawajalalamika?"

"Huyu hapa kalalamika mbele ya nchi nzima."

Mkurugenzi akatoa ile karatasi, akaipungia hewani. "Basi nakuongezea miezi mitatu ya majaribio, ujifunze kazi."

"Sawa. Nami nakuweka wewe majaribio miezi hiyo hiyo. Siku utakayoleta kitu cha ibada ya watu, wowote wale, bila kuwauliza wenyewe, naondoka, na utatafuta mwenyewe kuku wako yuko wapi."

Mbavu akacheka hadi akakaa sakafuni. "Bosi, saini! Wiki aliyougua huyu niliingia jukwaani na viatu vya bibi harusi!"

Mkurugenzi akamtazama Mbavu, akanitazama mimi, akaomba kalamu. Akasaini ajira ile ile, si majaribio.

Nilipiga kigelegele mpaka mlinzi akaja.

Lakini msijidanganye. Kusaini ni kusaini, na mtu wa televisheni akiona watu wanacheka husahau haraka. Leo Ijumaa kipindi kinaanza saa kumi. Nimekaa mbele ya televisheni, viatu nimeshavaa.