Mume wa Kwenye Daftari

Hester Purkis alikuwa na mume ambaye hakupata kumwona hata siku moja. Meli ya wafungwa ilipotia nanga Hobart, bandari ya koloni la ng'ambo walikopelekwa wahalifu, karani wa serikali alimwuliza, "Una mume?" Hester, aliyehukumiwa miaka kumi na minne kwa kuiba mashuka ya bibi aliyemtumikia, alidhani mwanamke mwenye mume hatasumbuliwa na wanaume. Akajibu, "Ninaye. Obadiah Crane, fundi viatu." Karani akaandika.

Mwaka wa nne Amos Tyler, mfungwa mwenzake aliyechunga kondoo wa shamba jirani na lile alilopangiwa Hester kutumika, akamposa. Sasa mfungwa haoi wala haolewi bila ruhusa ya serikali, na serikali haiwezi kumwoza mke wa mtu.

"Si neno," Amos alimwambia zizini. "Yupo jamaa anaandika barua nzuri za msiba. Obadiah atakufa kwa homa, utavaa nyeusi wiki moja, basi."

"Hapana."

"Hester, nusu ya wake wa hapa wamewaua waume zao kwa kalamu. Wako hata hakuzaliwa. Atakulaumu nani?"

"Nimemzaa kwa uongo, Amos, sitamzika kwa uongo. Mbele ya madhabahu nitasimamaje?"

"Ukisema kweli watakupeleka gerezani kufua."

"Basi nitafua."

Jumapili, ibada ilipokwisha, alimngoja mlangoni Mchungaji Holcombe, ambaye ndiye pia aliyekuwa hakimu wa wilaya. Akamweleza yote. Mchungaji akamsikiliza, kofia mkononi.

"Unajua kumdanganya karani wa serikali ni kosa?"

"Najua, Mchungaji."

"Na nitajuaje kama uongo wenyewe si huu wa leo, ili uolewe?"

"Mwandikie kasisi wa kijijini kwetu. Daftari la ndoa analo yeye. Nitangoja."

"Barua kwenda na kurudi ni mwaka mzima, binti."

"Mwaka una mwisho, Mchungaji."

Kwa kosa la kumdanganya karani wakamkata nywele zote, wakamfungia gereza la wanawake miezi miwili, akifua mashuka ya hospitali hadi mikono ikachubuka. Wenzake wakambatiza jina la Bi Obadiah.

"Bi Obadiah, mzee kaamkaje?"

"Mzima, anawasalimu," alijibu, akaendelea kusugua.

Amos alinuna. Lakini kila Jumapili wafungwa walipopelekwa kanisani kwa mstari, alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, na Hester alipopita, Amos alivua kofia.

Jibu lilikuja nywele za Hester zimekwisha kufunika masikio. Kasisi alikuwa ameandika mistari miwili tu: Obadiah Crane hakufunga ndoa katika kanisa lile, wala hakubatizwa.

Ruhusa ya serikali ikatoka, na Jumapili ya tatu ya kutangaza ndoa ya Hester na Amos, Mchungaji aliuliza kama kuna mwenye pingamizi. Nyuma, kwenye benchi la wafungwa, mwanamke mmoja akakohoa.

"Mngojeni Obadiah," akanong'ona. "Bado anafunga kamba za viatu."

Benchi zima likatikisika kwa kicheko cha kubana. Hester hakugeuka. Aliikunja mikono yake yenye makovu mapajani, akamtazama Mchungaji mpaka alipofunga daftari.