Vali ya Mtaa wa Juu

Kila jioni simu ya ofisi kuu ikishalia, binti hubonyeza kitufe chekundu. Upande wa pili wa ua mota ndogo huvuma na kuifunga vali ya mtaa wa juu, na maji yote ya kituo yakateremkia kiwandani, ambako chupa huoshwa mpaka kunakucha. Kazi yenyewe nyepesi. Hata mwanawe, anayelala kwenye kapu chini ya meza, haamshwi na kelele ya mota.

Enzi za baba yake vali hiyo haikuwa na mota. Ilikuwa na gurudumu la chuma tu, na mzee alilizungusha kwa mikono miwili huku akipiga mluzi. Alinukia grisi mpaka kwenye mto. Akirudi nyumbani, kwanza kabisa alimgusa binti puani kwa kidole cheusi, ndipo akavua viatu. Walipofunga mota, gurudumu waliliacha palepale, litumike umeme ukikatika.

Baba alizikwa wakati wa kiangazi. Juma lililofuata akarudi kazini.

"Mzee wako keshaingia," mlinzi wa getini alimwambia binti. "Nimempa kitabu asaini, kagoma. Eti yeye kaacha kazi kwa kufa, hakufukuzwa."

Binti akatoka uani. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Mjukuu kanyonya?" Alikuwa ameshavuta mkono wa klachi, ule unaoshikisha gurudumu na vali, anazungusha kuifungua vali ambayo binti alikuwa keshaifunga. "Mama yako ana ndoo kavu kule juu, nyie mnaogesha chupa."

Kule juu bomba likakohoa, likatoa maji. Mama akapiga simu. "Yananukia grisi," alisema. "Haya. Mwambie avae koti, jioni kuna baridi."

Mkuu wa kituo alikuja, akatazama, akaagiza marehemu avae kofia ngumu kama wafanyakazi wengine. Kisha akamgeukia binti. "Funga. Usipofunga wewe, kesho kiti hicho atakikalia mwingine."

Vali za namna hiyo zimeundwa hivyo: umeme ukiingia, klachi huachia, na gurudumu hubaki likizunguka bure mikononi. Mzee alilijua hilo. Binti akabonyeza; mzee akazungusha vivyo hivyo.

Tangu hapo huja kila jioni. Simu ya ofisi ikilia, binti humwinua mtoto kwanza, akamweka begani, akampapasa mgongo taratibu. Mama akipiga kusema ndoo imejaa, na ya jirani pia, ndipo hubonyeza.

"Leo umechelewa," baba humwambia, akijifuta mikono.

"Nilikuwa namcheulisha mjukuu wako."

"Kesho mcheulishe zaidi."

Humgusa mtoto puani, akapita getini bila kusaini. Doa lile la grisi binti halifuti. Hukaa akisikiliza, mpaka mabomba ya mtaa wa juu yanyamaze na chupa za kiwandani zianze kugongana.