Waya Usiogusa Ukuta

Mama Vipimo, kama kliniki nzima ilivyomwita, alikuwa na kazi ya kukagua mashine za moyo, na kwa miaka kumi na moja hakuwahi kuizoea. Mashine ya mzee Dobi, iliyopachikwa chini ya ngozi karibu na bega, ilikuwa na waya mmoja tu. Ncha yake ilishika chumba cha chini cha moyo. Lakini pale waya ulipopita chumba cha juu palikuwa na pete mbili ndogo, zinaelea kwenye damu bila kugusa ukuta, zimetega sikio. Chumba cha juu kikipiga, pete zinasikia, na mashine inakishtua cha chini. Basi. Mwanamke huyu alishangaa upya kila asubuhi.

Lakini Dobi alikuwa anaanguka. Mara mbili ndani ya mwezi alishikwa na kizunguzungu kazini, na daktari alishaamua: Jumatatu apasuliwe tena, atiwe waya wa pili. Upasuaji wa kwanza nusura umwondoe duniani, kidonda kikatoa usaha wiki saba. Safari hii mzee alimwambia waziwazi binti yake, aliyemleta, kwamba hatarudi nyumbani.

Mama Vipimo akamlaza kitandani, kama alivyowalaza wote, akasoma skrini. Wimbi dogo la chumba cha juu lilikuja, alama ya kwamba mashine imesikia ikatokea chini yake, wimbi, alama. Hakuna lililopotea. Akasema haoni kasoro.

"Mwanangu," mzee akasema kwa upole wa mtu aliyekwishakata tamaa, "mimi kazini silali."

Maneno yale yalimchoma. Akamsimamisha, akamuuliza huanguka akifanya nini hasa. Akianika, mzee akajibu, mikono juu, mashuka mazito kwa maji. Mama Vipimo akavua shuka la kitanda, akamkabidhi, akamwonyesha reli ya pazia. "Anika, Baba."

Mzee akacheka, akidhani anataniwa. Kisha akainua mikono, binti nyuma yake tayari kumdaka. Kwenye skrini wimbi likanywea, likawa kama kikunjo cha uzi, na alama zikakatika: moja, mbili, nne mfululizo. Chumba cha juu kilikuwa kinapiga kama kawaida. Pete zimesogea, hazisikii, na cha chini kikabaki na mwendo wake wa kujikokota. Mzee akashika pazia, akasema kizunguzungu ndicho hicho kinakuja.

Akamketisha. Akaongeza usikivu wa mashine hadi inase hata mnong'ono, akamtaka arudie, kisha abane viganja, avute meza, maana sikio kali mno huweza kudanganywa na misuli. Halikudanganywa. Shuka likapanda relini, na chini ya kila wimbi, hata lile la kuhurumiwa, alama ikatokea. Mama Vipimo alitokwa na machozi wala hakuyaficha. Kitu kidogo hivyo, kinaelea gizani, kinamsikia mtu.

Daktari aliitwa, akatazama shuka likianikwa mara tatu, akaifuta Jumatatu kwa kalamu yake mwenyewe.

Baba na binti walipoondoka, Mama Vipimo alifungua orodha ya wenye waya kama ule. Walikuwa thelathini na mmoja, kila mmoja amepimwa amelala chali, kila mmoja ameandikiwa "sawa". Aibu ikamshika. Akampigia simu wa kwanza, na badala ya kumjulia hali, akamuuliza kazi yake ni ipi.